Mayai ya Fabergé na Mizani ya Sonara

Tarehe 2 Desemba 2025, katika mnada wa Christie's jijini London, yai moja liliuzwa kwa pauni milioni 22.9. Niliituma habari hiyo kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wetu nikijua vizuri ninachokichokoza. Binamu mmoja akauliza kama linakaangwa au linachemshwa. Mwingine akasema kwa bei hiyo bora afuge dinosaria kabisa. Shangazi yangu, ambaye hana mzaha kwenye mambo ya thamani, alisubiri picha ifunguke, akaikuza, kisha akaandika neno moja: "Kioo?"

Alikuwa karibu na ukweli kuliko wote. Yai hilo linaitwa Yai la Majira ya Baridi, na lilitengenezwa mwaka 1913 na kampuni ya vito ya Fabergé huko St Petersburg, kwa ajili ya Tsar, yaani mfalme wa Urusi, Nicholas II, kumpa mama yake siku ya Pasaka. Mwili wake ni kwatzi angavu, jiwe ambalo mchimbaji wa vito akilikuta shimoni hulitupa pembeni akaendelea kutafuta cha maana. Limepandikizwa almasi 1,660, lakini ni punje tu, za ule mkato wa kale unaoitwa wa waridi. Kitako chake kimechongwa kama pande la barafu linaloyeyuka, na vijito vya maji vinavyoteremka ni vya platinamu. Ukilifungua, ndani kinaning'inia kikapu kidogo cha maua meupe ya mwanzo wa machipuko, kila ua limechongwa kwa kwatzi nyeupe, bua lake uzi wa dhahabu, na katikati kijiwe cha kijani. Ng'oa hizo almasi zote uzipeleke kwa dalali. Atakupa pesa, sikatai, ila hutazisikia milioni 22.

Sasa hizo pesa zimelipia nini? Mimi ni mpenzi wa mayai haya kwa miaka mingi, na bado naona watu wengi, wakiwamo wanaoyasifia, wanalijibu swali hilo vibaya. Wanasema dhahabu, wanasema almasi, wanasema ufalme. Ufalme kidogo. Hayo mengine hapana.

Tuanzie Pasaka yenyewe. Kwa Warusi wa Kanisa la Orthodox, hii ndiyo sikukuu ya sikukuu. Krismasi haifui dafu. Watu hubusiana mara tatu, mmoja anasema Kristo amefufuka, mwenzake anajibu hakika amefufuka, na wanapeana mayai, mengi yakiwa mekundu. Fukara alitoa la kuku. Mwenye uwezo alitoa la mbao, la kaure, la fedha. Kwa hiyo Tsar Alexander III alipomwagizia mkewe yai la kito mwaka 1885, hakuleta desturi mpya mjini. Aliichukua iliyokuwepo akaivisha nguo za kifalme.

Mkewe, Maria Feodorovna, alikuwa binti wa mfalme wa Denmark. Miaka minne kabla ya hapo baba mkwe wake, Alexander II, alikuwa ameuawa kwa bomu barabarani, na familia ikahamia kasri la Gatchina nje ya mji ikaishi katikati ya walinzi. Ndani ya maisha hayo ya kuchungwa ndimo yai la kwanza lilimoingia. Kwa nje ni jeupe tupu. Lina urefu wa milimita 64 hivi, karibu sawa na la kuku mkubwa, limefunikwa enameli isiyong'aa, na kama si mstari mwembamba wa dhahabu unaolizunguka tumboni ungelipita mezani usigeuke. Ukilipindua linaachia. Ndani kuna kiini cha dhahabu, nacho hakijang'arishwa, ni cha manjano ya kiini cha yai hasa. Kiini kinafunguka: amekaa kuku wa dhahabu za rangi mbalimbali, unyoya kwa unyoya, macho yake rubi. Kuku naye anafunguka, na ndani yake zamani kulikuwa na taji dogo la almasi na kijiwe cha rubi cha kuning'iniza shingoni. Viwili hivyo vimepotea, na sidhani kama yai limepungukiwa sana.

Wazo halikuwa geni. Katika hazina ya familia ya kifalme ya Denmark kulikuwa na yai la pembe la karne ya 18 lenye kuku ndani, na inaaminika kwamba Fabergé aliiga makusudi ili kumpa Maria kitu cha nyumbani kwao. Malkia akafurahi. Basi kuanzia hapo kila Pasaka likaja jingine, na sharti lilikuwa moja: lazima ndani kuwe na siri. Alexander III alitoa mayai 10 hadi alipofariki 1894. Mwanawe Nicholas II akaongeza idadi, moja la mama na moja la mke, kila mwaka isipokuwa 1904 na 1905, wakati wa vita na Japani. Hadi 1916 yalikuwa yamefika 50.

Siri nyingine zilikuwa za kitoto kwa maana nzuri kabisa. Yai la 1900 lina ramani ya reli ya Siberia iliyochorwa kwenye fedha kulizunguka, na ndani yake limekunjwa treni la dhahabu na platinamu. Kichwa chake kina taa ya almasi, nyuma kuna taa za rubi, na kuna ufunguo wa dhahabu wa kulijaza ili litembee. Mabehewa yameandikwa kwa herufi za kubanana: la barua, la wanawake, la wavuta sigara, la wasiovuta. La mwisho ni kanisa. Huyu ni mfalme mwenye himaya ya mamilioni, na zawadi yake kwa mke wake ni kitu cha kujaza ufunguo kisha mkaegemea meza mkakitazama kinakwenda.

Mwenye jina hakuwa mwenye mikono. Carl Fabergé, aliyezaliwa St Petersburg mwaka 1846, alirithi duka la vito la baba yake, akawa ndiye jicho na akili ya kampuni. Waliokaa kwenye viti vya kazi walikuwa mafundi wakuu na watu wao. Mikhail Perkhin, aliyesimamia mengi ya mayai yanayosifiwa leo, alikuwa mtoto wa wakulima wa Karelia. Aliyemfuata, Henrik Wigström, alikuwa Mfini, kama walivyokuwa mafundi kadhaa mle ndani. Bosi wao alikuwa na msimamo ambao kwa muuza vito ni wa ajabu. Mwaka 1914 aliliambia jarida moja la Urusi kwamba kitu cha bei ghali hakimvutii sana ikiwa thamani yake yote ni wingi wa almasi au lulu uliobandikwa juu. Na vitendo vyake vilifuata maneno. Alitumia mawe ya milima ya Ural, alitumia mbao, alitumia chuma. Kilichokuwa ghali ni muda. Yai moja lilikula karibu mwaka mzima.

Muda huo ulikwenda wapi? Chukua enameli. Sote tunaijua, ila hatujui kama tunaijua: ni ileile ya kikombe cheupe chenye ukingo wa buluu tulichonywea chai utotoni, kile kikianguka kinabanduka na kuonyesha weusi chini. Ni unga wa kioo uliochanganywa na madini ya kutia rangi, ukapakwa juu ya chuma na kuchomwa mpaka ukayeyuka na kushika. Fundi wa Fabergé alianza kwa kuchora mistari kwenye dhahabu kwa mashine ya kuzungusha, mawimbi, miale ya jua, myembamba kama alama za kidole. Kisha akapaka tabaka la unga uliolowa, akachoma kwenye joto la nyuzi 700 hadi 800, akatoa, akasugua, akapaka jingine, akarudisha motoni. Tabaka nne, tano, sita. Kila tabaka linaonyesha la chini yake, na mwanga unapita wote unagonga ile mistari ya dhahabu na kurudi. Ndiyo maana waridi ya Fabergé haionekani kama rangi iliyopakwa. Inaonekana kama taa imewashwa ndani. Na haya yote yalifanywa juu ya umbo la mviringo, ambako kioo kilichoyeyuka kinataka kuteleza kwenda chini. Ukiachia nywele moja ya ufa kwenye tabaka la sita, unakwangua yote unaanza upya. Karakana ilikuwa na rangi zaidi ya 140 za namna hii.

Kikombe cha enameli kina habari yake nyingine katika hadithi hii, na siipendi, lakini siwezi kuiruka.

Mwezi Mei 1896 Nicholas II alitawazwa mjini Moscow. Mwaka uliofuata Fabergé akalitengeneza Yai la Kutawazwa, ambalo kwa wengi ndilo maarufu kuliko yote: enameli ya manjano ya dhahabu iliyofanana na vazi alilovaa mkewe, Malkia Alexandra, siku hiyo, na ndani yake kigari cha kifalme kisichozidi sentimita 10. Milango yake inafunguka, ngazi zinashuka zenyewe. Fundi aliyekitengeneza, George Stein, alikihangaikia kwa takriban miezi 15. Ni kazi ya kutoa machozi.

Ila sherehe za kutawazwa huko zilikuwa na sehemu ya pili. Wananchi walitangaziwa kwamba watagawiwa zawadi kwenye uwanja wa Khodynka, nje kidogo ya mji: mkate, soseji, peremende, na kikombe cha enameli chenye nembo za Tsar. Watu wakaja usiku kucha, laki kadhaa. Uwanja ulikuwa na mashimo na mitaro ya mazoezi ya jeshi. Alfajiri ukavuma uvumi kwamba vikombe havitatosha, umati ukasukumana, na zaidi ya watu 1,300 wakafa kwa kukanyagwa. Usiku wa siku hiyohiyo Tsar alikwenda kwenye dansi nyumbani kwa balozi wa Ufaransa.

Vikombe hivyo bado vipo, wakusanyaji wanauziana. Warusi wenyewe wakaviita vikombe vya huzuni. Mimi kila nionapo picha ya kile kigari na ngazi zake za kushuka, nakiona na kikombe pembeni. Enameli ileile, sherehe ileile. Yai halina habari nayo. Halikuumbwa likumbuke mashimo ya Khodynka. Kuna watu ambao kwa sababu hiyo hawataki kuyasikia mayai haya, na siwalaumu. Mimi nimeshindwa kuyachukia, pengine kwa sababu namfikiria Stein kuliko ninavyomfikiria mteja wake.

Namfikiria pia Alma Pihl. Huyu ndiye aliyebuni lile yai la milioni 22.9. Alizaliwa Moscow 1888 katika ukoo wenye asili ya Ufini, akaingia karakana ya mjomba wake, Albert Holmström, kazi yake ikiwa kuchora kwenye daftari vitu vilivyokwisha kutengenezwa ili kumbukumbu zibaki. Kazi ya karani. Pembeni akawa anachora vyake. Siku moja ilikuja oda ya haraka kutoka kwa Emanuel Nobel, tajiri wa mafuta, mpwa wa yule Nobel wa tuzo: alitaka vipini 40 vya kifuani, vipya kabisa, visivyo vya gharama kubwa. Dirisha la karakana lilikuwa limeganda baridi, na barafu imejichora maua juu ya kioo kama inavyojichora kila majira ya baridi kule. Alma akanakili alichokiona. Kutoka kwenye vipini hivyo vya barafu likazaliwa yai. Mwaka uliofuata alimtazama mama mkwe wake anadarizi, akapata Yai la Mozaiki, la 1914: wavu wa platinamu ambao kila tundu lake limejazwa kijiwe kilichokatwa kwa vipimo vyake, mpaka ukilitazama unaona kitambaa cha taraza. Hilo liko kwenye mikusanyo ya familia ya kifalme ya Uingereza.

Baada ya mapinduzi ya Urusi ya 1917 Alma alihamia Ufini na mumewe, akafundisha kuchora shuleni katika mji wa viwanda vya karatasi. Alifariki 1976. Wanafunzi wake hawakujua mwalimu wao alikuwa nani.

Hapa nimrudie shangazi, kwa sababu swali lake la kioo halikutoka hewani. Nilipokuwa msichana alinichukua twende naye kwa sonara, Mombasa, akauze bangili zake mbili. Hizo bangili nilizijua. Zilichorwa asumini kuzunguka, kila petali limekatwa kwa patasi ndogo, na kwenye ukingo kulikuwa na punje za dhahabu zilizochomelewa moja moja. Aliolewa nazo. Sonara alizipokea kwa heshima, akazisugua kidogo kwenye jiwe lake jeusi, akadondosha dawa, akatazama. Kisha akaziweka kwenye mizani.

"Karati ishirini na moja, mama," alisema, akataja gramu, akataja bei.

"Na hii kazi yake?"

"Kazi hainunuliwi, mama. Mimi nanunua dhahabu."

"Lakini mlipotuuzia mlitutoza kazi."

Sonara akatabasamu tabasamu la mtu aliyeulizwa hilo tangu asubuhi. Ndivyo biashara ilivyo, na hakuna aliyemdhulumu mwenzake: ukinunua kito unalipia gramu na unalipia ufundi, ukiuza, ufundi unabaki mlangoni. Kito kinakwenda kwenye kikango kinakuwa donge. Wanawake wa pwani wanalijua hili vizuri kuliko mtu yeyote, kwa sababu kwao dhahabu ni benki inayovaliwa. Shangazi alihitaji ada ya shule. Alizipokea pesa, akazihesabu mara mbili, tukatoka. Njiani akasema tu kwamba yule fundi wa asumini alikuwa na macho.

Basi nikisoma yaliyoyapata mayai ya Fabergé baada ya 1917, naisikia ile sauti ya sonara. Wabolsheviki, wakomunisti walioshika madaraka, walikuta hazina ya Tsar na walikuwa na njaa ya fedha za kigeni za kununulia mashine. Mayai yalipelekwa Kremlin, na kuanzia miaka ya 1920 yakaanza kuuzwa kimyakimya kwa wanunuzi wa Magharibi. Yai la Majira ya Baridi lilikwenda kwa pauni 450. Kumi yalibaki Moscow na yapo hadi leo. Fabergé mwenyewe alikimbia 1918 kampuni ilipotaifishwa, akafia Lausanne, Uswisi, 1920. Maria Feodorovna, ambaye walau mayai yake alikuwa ameyazoea, alitoka Urusi 1919 kwa manowari ya Uingereza akiwa na moja tu, lile la mwisho alilopewa na mwanawe mwaka 1916. Mwanawe Nicholas, mkewe na watoto wao walikuwa wameshapigwa risasi Yekaterinburg. Mabinti walikuwa wameshona vito ndani ya nguo zao za ndani, vingi mno, hata risasi za mwanzo zikawa zinadunda.

Halafu kuna la Marekani. Mnunuzi mmoja wa dhahabu chakavu, mtu wa majimbo ya kati, alikuta kwenye mali kuukuu kiyai cha dhahabu juu ya kistuli cha miguu mitatu. Akakipima, akapiga hesabu ya gramu, akalipa kama dola 14,000, akitumaini kukiuza kiyeyushwe na kupata faida ya mia kadhaa. Wanunuzi wakapima wakamwambia amelipa kupita kiasi. Pesa zake zikakwama. Kiyai kikakaa jikoni kwake kwa miaka, kikiwa na mikwaruzo ya watu waliokuwa wakijaribu ubora wa dhahabu yake. Mwaka 2012 jioni moja alikaa kwenye kompyuta, akaandika neno yai pamoja na jina la mtengeneza saa aliyeandikwa ndani, Vacheron Constantin, na likamtokea gazeti la Uingereza lililoeleza kuhusu yai la kifalme la 1887 lililopotea. Alipanda ndege hadi London, kwenye duka la vito la Wartski, na picha za simu. Katika picha mojawapo yai limewekwa kando ya keki ndogo ili ukubwa wake uonekane.

Lilikuwa lenyewe. Kosa la hesabu ya gramu ndilo lililoliokoa, maana kama hesabu yake ingekuwa sahihi siku ile ya kwanza, sasa hivi lingekuwa pete za watu arobaini.

Nililiona kwa macho yangu kwenye maonyesho ya jumba la makumbusho la Victoria and Albert huko London, yaliyofunguliwa Novemba 2021. Mayai 15 ya kifalme yalikuwa pamoja, na watu walizunguka makabati kwa mwendo wa jeneza. Kubwa kuliko yote, la Kremlin, lina minara na kengele na ni refu kama mkono wa mtoto. Nilisimama kwa adabu nikapita. Hili la 1887 lina sentimita nane tu. Limechongwa mifuo kutoka juu hadi chini, na mashada ya waridi za dhahabu ya rangi tatu yamening'inizwa kulizunguka kutoka kwenye safaya za buluu. Nikatafuta mikwaruzo. Ukiinama kiasi cha mlinzi kukukohoa, unaiona saa ndani: uso mweupe wa enameli na mikono ya dhahabu iliyotobolewa kama lesi. Mama mmoja wa Kiingereza pembeni yangu alimuuliza mumewe lina thamani gani. Yule bwana akasema hajui, kisha akasema, lakini angalia mikono yake ilivyo.

Jina Fabergé lenyewe lilikuwa na maisha yake ya ajabu. Huko Marekani mfanyabiashara mmoja alilichukua na kulibandika kwenye manukato bila kuwauliza wenyewe. Warithi walikuja kujua baadaye, na mwaka 1951 wakamalizana nje ya mahakama kwa dola 25,000. Ndiyo maana wazee wetu waliojipulizia Brut miaka ya 70 walikuwa wameshika, bila kujua, jina la sonara wa Tsar kwenye chupa ya kijani.

Mwaka 2013 jina hilo likanunuliwa na Gemfields, kampuni ya uchimbaji yenye zumaridi Zambia na rubi Montepuez, kaskazini mwa Msumbiji, mwendo usio mrefu kutoka mpaka wa Tanzania. Rubi za Montepuez ziligunduliwa 2009, na kabla ya uzio kuwekwa na baada yake walimiminika wachimbaji wadogo na madalali, wakiwemo Watanzania wengi. Mwaka 2017 serikali ya Msumbiji iliwatimua. Mwaka 2019 Gemfields ilikubali kulipa pauni milioni 5.8 kumaliza madai ya wanakijiji na wachimbaji kuhusu ukatili uliofanyika kuzunguka mgodi, bila kukiri kuwajibika. Kwa hiyo kwa miaka kadhaa kulikuwa na vito vya Fabergé vyenye macho ya rubi kutoka upande wetu huu wa bara, na vilikuja na habari zake, kama vile vya zamani.

Vile vijiwe vya kijani kwenye maua ya Alma navyo nimevifuatilia. Ni demantoidi, aina ya ganeti iliyopatikana milima ya Ural. Ganeti nyingine ya kijani kibichi, tsavoraiti, inachimbwa Taita na kusini mwa Arusha, na ukiwa na jicho zuri na pesa kidogo unaweza kuipata Voi kwa bei ambayo haitakuua. Ndugu wa mbali, lakini ni ndugu.

Agosti 2025 Gemfields iliuza Fabergé nzima, jina, maduka na kila kitu, kwa dola milioni 50. Miezi minne baadaye lile yai moja la kwatzi likapata kama dola milioni 30. Weka hizo namba mbili pamoja. Jina, ambalo limeuza manukato na saa na pete kwa miaka karibu 90, halikufikia hata mara mbili ya kitu kimoja alichokibuni karani wa michoro mwenye umri wa miaka ishirini na kitu akitazama dirisha.

Kuna mayai machache kati ya yale 50 ambayo bado hayajulikani yalipo. Ninalolipenda zaidi ni la 1889. Hili siri yake haikuwa treni wala kuku. Ndani kulikuwa na vifaa 13 vya kujirembea vya kike, vilivyopambwa almasi, vya kutumika kweli. Lilifika London, na Juni 1952 Wartski ililiuza kwa pauni 1,250. Maduka ya namna ile huandika kila mteja kwenye daftari, jina, cheo, anwani. Kwenye mstari wa yai hili karani aliandika "Mgeni" tu. Mtu huyo alilipa, akafungiwa mzigo wake, akatoka, na hajulikani hadi leo. Huenda hakujua alichobeba. Huenda alijua sana. Mimi nina hakika moja, ya kijinga lakini siiachi: kuna mwanamke mahali fulani Uingereza anayepunguza kucha zake kwa mkasi wenye almasi, analalamika kwamba umeanza kuwa butu.